Nafasi Moja ya Mwalimu Bertha

Jumatatu, 22 Septemba

Mwalimu Bertha ameanzisha kundi la wanafunzi wenye vipaji, wapewe hesabu ngumu kuliko za darasa lao. Nafasi imebaki moja! Yona, mtoto wa jirani yangu Eliudi, keshaingia. Leo Eliudi kanisalimu mara tatu, makusudi tu. Haya, tutaona. Nafasi hiyo ni ya mwanangu Qais, darasa la sita. Mtoto wa Hamed hashindwi na mtu hapa Chumbageni.

Binti yangu Ghadir, darasa la nne, ni aibu tupu. Imekuja barua nyingine ya shule: anamaliza kazi upesi, kisha anasinzia. Analalamika amechoka kusubiri wenzake. Nikamwambia subira huvuta heri.

Jumatano, 24 Septemba

Nimempelekea Mwalimu Bertha halwa, bakuli zima, imekolea zafarani. Kashukuru sana, halafu kaigawa kwa kundi zima. Yona kala vipande viwili! Sikukata tamaa. Nimemwalika Mwalimu maulidini kwangu Jumamosi. Qais amekariri majibu hamsini ya hesabu. Nikikohoa tu, anasimama na kuanza. Ghadir akauliza maswali yenyewe yako wapi. Mtoto ana maneno huyu!

Jumamosi, 27 Septemba

Lahaula! Niliandaa sinia arobaini, watu wanne wanne kama ilivyo ada. Jamaa wa Pongwe wakaja na jamaa zao. Wanaume tisini na watatu uani, wanawake themanini na watatu ndani. Pilau inapoa, jasho linanitoka. Nikakohoa. Qais kasimama, kayataja majibu yote hamsini bila swali hata moja. Wageni wakaitikia amina.

Hapo Ghadir, tende mdomoni, akasema sinia ishirini na moja ziende kwa wanaume, tisa kati ya hizo wakae watano watano. Kumi na tisa ziende kwa wanawake, saba wakae watano. Hakosi mtu. Nikamkemea asiingilie mambo ya wakubwa. Mke wangu Shemsa akapanga hivyo hivyo, na kila mtu akala. Mwalimu Bertha aliacha tonge mkononi. Akasema mtoto huyu si mvivu, kazi anayopewa ndiyo ndogo.

Jumatatu, 29 Septemba

Nafasi kapewa Ghadir! Karudi mbio, anasema leo hakusinzia hata kidogo, na kuna hesabu moja imemshinda. Anafurahia kushindwa! Machozi yakanitoka. Nikasingizia vumbi.

Nimepita kwa Eliudi kumsalimu mara nne. Nimemweleza kipaji hiki kimetoka kwangu, kwani sinia nilizipunguza makusudi kumpima binti yangu.

Bado Qais. Mwakani nafasi zitafunguliwa tena, na kumbe Mwalimu anapenda hesabu za sinia. Tumeanza leo leo. Jibu keshalikariri: ishirini na moja, kumi na tisa.