Sigara ya Jambazi wa Pili

Jumatatu, 6 Mei

Nimepata kazi! Jambazi wa pili kwenye tamthilia ya jioni. Sina neno hata moja la kusema. Nasimama nyuma ya bosi nikiwa na sura mbaya, basi.

Mama mkwe yuko kwetu tangu wiki iliyopita na anaondoka Jumapili. Miaka yote ya ndoa yetu ameamini kwamba kuigiza ni jina la heshima la kukosa kazi. Nimemwahidi kuwa Ijumaa atauona uso wangu kwenye televisheni. Mke wangu amenishauri nisiahidi. Ushauri mzuri, ila umechelewa.

Tatizo ni moja. Mtu asiye na neno, nani atamwona? Nimelifikiria nikinyoa ndevu, na jibu limenijia na povu kidevuni. Sigara! Tangu nipate akili, sinema zote ni hivyo hivyo. Mtu mwema hunywa maji. Mtu mbaya huwasha sigara, akakunja jicho moja, akapuliza, nawe ukajua kabla hajafungua mdomo kwamba leo kuna mtu hatarudi kwake. Mimi sivuti. Lakini nimewaona wavutaji kwa miaka mingi. Inatosha.

Jumanne, 7 Mei

Mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, kwa penseli. Jicho la kushoto linakunjika vizuri sana. Shida ni kwamba la kulia linalifuata.

Binti yangu, yuko sekondari, alitaka kuoga akanikuta. Akasema shuleni wameambiwa vijana wengi hujifunza kuvuta kwa kuwaiga watu wa kwenye filamu. Nikamwambia aondoe shaka, hakuna kijana atakayeniiga mimi. Akanitazama kuanzia kandambili hadi upara, akakubali. Kakubali haraka mno.

Mchana tumefanya mazoezi na wenzangu. Jambazi wa kwanza ni yule tunayemwita Koti, kwa sababu ana koti moja la ngozi ambalo halivui hata jua likiwaka. Koti amepewa sentensi nzima: "Bosi, gari liko tayari." Maneno manne tu, lakini anayabeba kama trei ya mayai. Akaniuliza kwa upole mimi nimepewa mangapi. Mtu mwenye roho mbaya kama huyu sijapata kuona.

Jumatano, 8 Mei

Siku ya ushindi!

Nimemwendea mtunza vifaa. Anazo sigara za uongo, karatasi iliyojazwa majani makavu ya mnanaa. Harufu yake ni ya chai iliyosahauliwa jikoni. Nikatia moja mfukoni. Mwongozaji huanza na picha pana, ya chumba kizima, kisha ndipo kamera husogea karibu. Nikaiwasha wakati wa picha pana, kimya kimya, nyuma ya bega la bosi. Werevu wenyewe uko hapa: kilichoonekana kwenye picha pana lazima kionekane na kwenye za karibu. Yupo dada ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuhakikisha kifungo cha shati hakijifungui chenyewe katikati ya mazungumzo. Aliponiona maji yalikwisha kumwagika. Akatangaza kwa uchungu kwamba huyu sasa anayo sigara, itabidi aendelee nayo. Mwongozaji akageuka kunitazama. Kwa hasira, sawa, lakini kanitazama!

Gharama yake sikuijua. Picha ikirudiwa, sigara nayo lazima irudie urefu wake. Dada anapima kwa rula, anakata kwa mkasi, ananipa nyingine. Kufikia mchana nilikuwa nimevuta bustani nzima ya mnanaa. Macho yalinitoka machozi. Mwongozaji akakiri kwamba kumbe sura ya ubaya ninayo.

Halafu moshi ukamwingia Koti. "Bosi, gari..." akakohoa. "Bosi..." akakohoa. Mara ya kwanza sikukusudia. Mwishowe mwongozaji akachoka, akanipa mimi ile sentensi. Niliitamka huku sigara ikining'inia pembeni mwa mdomo. Kamera ilisogea hadi nikajiona kwenye kioo chake, nywele za pua na yote. Koti alikuwa kwenye kona akinywa maji, akanipa hongera kwa sauti ya kukwaruza. Nilitaka kumpa pole, likanitoka tu: mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ijumaa, 10 Mei

Sijui nianzie wapi.

Sebule ilijaa. Mama mkwe kwenye kiti cha mbele, miwani ya kuonea mbali juu ya miwani ya kusomea. Jirani mshonaji na mumewe kwenye kochi. Mimi nilisimama mlangoni, kwa unyenyekevu, mahali ambapo kila mtu angeweza kugeuka kunipongeza.

Akatokea bosi. Akatokea Koti, uso mzima, hadi vinyweleo. Kisha nikatokea mimi, na mke wangu akainuka kuipiga televisheni kofi, akidhani imeharibika. Haikuharibika. Ukungu! Kituo hufunika sigara kwa ukungu ili watoto wasiione, na sigara yangu haikuondoka usoni tangu mwanzo hadi mwisho. Ukungu umekula mdomo, pua na lile jicho la kukunja. Yamebaki masikio na upara. Chini yangu yakapita maandishi kwamba uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya.

Ikabaki sentensi. Angalau sauti! Ukungu ukafumbuka kidogo, ukasema "Bosi, gari liko tayari" kwa sauti ya Koti. Kumbe maneno yaliyosemwa na kitu mdomoni hayasikiki, wakamwita aje kuyaingiza upya.

Mshonaji akauliza, kwa adabu, kama yule ni shahidi anayefichwa na polisi. Mama mkwe akauliza kama kuna kitu nimeiba. Mke wangu akamweleza polepole. Mama akavua miwani ya kwanza, kisha ya pili.

"Baba, mimi sikukaa hapa kuangalia moshi," akasema. "Nilitaka niuone uso wako, nikifika nyumbani niwaambie wenzangu, mkwe wangu ni yule pale."

Bora angenitukana.

Jumamosi, 11 Mei

Asubuhi na mapema kwa mhariri wa picha. Nimembembeleza, kipindi kikirudiwa, aondoe ukungu hata kwenye jicho moja, lolote atakalo. Akasema si chuki, ni sheria ya kituo. Akaanza kunitajia na vitu vingine vinavyofunikwa. Nikamkatiza, asijichoshe, shida yangu ni sigara tu. Basi rahisi, akasema: Jumatatu majambazi wanasherehekea, ndilo onyesho lenu la mwisho. Simama tu bila kitu, uso utaonekana.

Nimempelekea mama mkwe habari hizi. Ameahirisha safari hadi Jumatano. Mke wangu ameniapisha mbele ya mama yake kwamba sitagusa sigara. Nimeapa kwa mikono miwili.

Koti naye kapiga simu. Kaka, anasema, we weka mikono mfukoni, tulia. Wivu hauna haya!

Jumatatu, 13 Mei

Nimetimiza kiapo. Mtunza vifaa alininyooshea sigara, nikageuza uso kama mtu aliyeokoka. Mtu mzima hujifunza.

Lakini mikono mfukoni? Jambazi gani husherehekea kama mgonjwa anayesubiri majibu ya daktari? Mezani kulikuwa na chupa ya pombe kali, ndani chai ya rangi, nembo yake kubwa kama sahani. Nikaiinua kwenye picha pana, usawa wa pua, kabla mtu hajasema kitu. Dada wa rula alifumba macho. Imo! Nimeinywa tangu mwanzo hadi mwisho, haikunitoka usoni hata dakika moja. Kamera ilinisogelea kuliko siku ile ya kwanza. Koti alikuwa nyuma yangu, mikono mfukoni, maskini.

Inaonyeshwa kesho jioni. Nimepita kwa mshonaji kuwaalika tena, na waje na watoto, maana safari hii hakuna sigara. Mama mkwe amekwisha kujiwekea kiti cha mbele. Sasa hivi anafuta miwani yote miwili.