Hapa Hapiti Mtu na Njaa

Nimeumbuka leo, ndugu zangu wa grupu. Tena nyumbani kwangu, tena kwa mkono wangu mwenyewe. Picha wengi mmeshaiona, inazunguka tangu mchana. Basi nisikilizeni mimi mwenyewe kabla hamjasimuliwa na vijana wa stendi, maana wao wataongeza chumvi, na habari hii chumvi inayo ya kutosha.

Lazima nianzie mbali ili mjue anayeumbuka ni nani. Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, ng'ombe wa baba walikufa kwa ukame kule Buger, na baba naye hakukaa sana baada yao. Darasa la pili nikaliacha hapo hapo, na lenyewe halijanitafuta mpaka leo. Nikatembea kwenda Oldeani kutafuta kazi ya kuchuma kahawa. Karatu nilifika sijatia kitu mdomoni tangu jana yake. Wakati ule Karatu ilikuwa maduka machache na vumbi. (Sasa ni maduka mengi na vumbi.) Nikasimama kwenye duka la mama mmoja wa Kiislamu, mama yake Shabani. Hakuniuliza natoka wapi wala mimi ni mtoto wa nani. Alinipa uji na andazi, akanitazama mpaka nikamaliza. Bila uji ule Oldeani nisingefika, na leo msingekuwa na mtu wa kumcheka.

Mengine mnayajua. Nilichuma kahawa, nikachunga ng'ombe wa watu, nikafyatua matofali, nikanunua kiwanja pale kwenye kona watu wakisema Gwandu kanunua korongo. Gesti yangu iko juu ya korongo hilo. Na Shabani ni rafiki yangu tangu uji ule. Kila mbuzi aliyewahi kuliwa kwangu, harusi, ubatizo, kipaimara, hata msiba wa mama yangu, alimchinja yeye. Desturi yetu hapa wote mnaijua. Mkristo anafuga, Muislamu anachinja, tunakula wote. Wala hatuisemi, kama ambavyo hatusemi kwamba mvua inatoka juu.

Ugomvi wetu umeletwa na kaulimbiu. (Neno lenyewe nimelijua juzi.)

Kamati ya wenye nyumba za wageni ilikaa. Mwenyekiti wetu Mama Deodata, yule mwenye lodji yenye maua, akasema kila mji unaojiheshimu una maneno yake. Morogoro, mji kasoro bahari. Kigoma, mwisho wa reli. Unguja, marashi ya karafuu. Tanga ukienda leo, kuondoka ni majaliwa. Waganda nchi nzima wameiita lulu.

"Sisi wa Karatu tuna nini?" akauliza.

"Tuna vyoo," mtu wa nyuma akajibu.

Tulicheka, lakini kicheko cha kuchoka, kwa sababu ni kweli. Gari linatoka Arusha, linasimama Karatu, mgeni anajisaidia, dereva anajaza mafuta, huyo Kreta kule Ngorongoro. Akirudi kwao anasimulia simba. Karatu hata kuitaja hawezi.

Shabani akasimama. Akasema, "Karatu, Mlango wa Ngorongoro." Makofi.

Nami nikasimama. Nikasema mlango ni kitu cha kupitwa. Nani amewahi kurudi kwao akasimulia uzuri wa mlango?

"Kwani gesti yako, Gwandu, wageni wanaingilia dirishani?" Shabani akauliza.

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Nikangoja wamalize, nikatoa la kwangu: "Karatu, Hapa Hapiti Mtu na Njaa." Nalo likapigiwa makofi, nadhani mengi zaidi. (Mke wangu anasema yalikuwa sawasawa. Hakuwepo.)

Mama Deodata akasema maneno ni rahisi. Wanakuja mawakala wa safari kutoka Unguja, watu wanaoleta wageni kwa mabasi. Kila mwenye kaulimbiu awaonyeshe kwamba maneno yake ni ya kweli, halafu wao wachague, na bango kubwa lisimamishwe barabarani. Mtu akauliza lisimame wapi. Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema lisimame kwenye kiwanja changu pale kona, bure, liwe la yeyote atakayeshinda. Nilisema la yeyote kwa sababu sikuona la mwingine litashindaje. Wote wakasikia.

Tangu siku hiyo sikukanyaga dukani kwa Shabani. Sukari nilinunua mwisho wa mji, kwa mtu ambaye hata salamu yake siipendi.

Sasa leo. Asubuhi nimemtoa mbuzi wangu mnene kuliko wote. Mke wangu, Mama Paulina, alikuwa anachagua mchele.

"Baba Paulina, Shabani anakuja saa ngapi?"

"Haji."

"Sasa nani anachinja?"

"Mwenye mbuzi."

Akaacha mchele. "Wageni wanatoka Unguja."

"Najua wanakotoka. Unguja hawali mbuzi?"

Akasema, "Haya, mzee," akarudi kwenye mchele wake. Wenzangu wenye wake, sikilizeni. Mkeo wa miaka yote hii akikuambia "haya, mzee", weka kisu chini. Mimi nilikinoa. Mtu mwenye hasira hasikii maneno, anasikia sauti tu. Wageni wenyewe nilikuwa siwafikirii. Nilikuwa namfikiria Shabani na dirisha lake.

Nikaagiza nyama iingie kila mahali, asije mtu akasema Gwandu ana choyo. Pilau lipikwe kwa supu ya mbuzi. Makande yatiwe mifupa. Hata kabichi nikasema ikaangwe kwa mafuta ya mbuzi. Fundi wa mabango alikuwa ameniandikia maneno yangu kwenye kitambaa kirefu, herufi nyekundu, nikakifunga kutoka kwenye mparachichi mpaka nguzo ya geti. Nikavaa koti la kanisani. Nikangoja.

Wakafika wakitoka Kreta (hivyo la Shabani walishajionea), vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kiongozi wao, Bwana Suleimani, mtu mpole, alikuwa na kofia nyeupe ya kudarizi. (Kofia niliiona. Niliisifia.) Mama Deodata akanivuta pembeni.

"Mzee Gwandu, asubuhi walifungiwa chakula cha njiani, nikawaambia wakiache, kwako watashiba. Wana njaa hasa."

Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi.

Wakanawa, wakakaa, wakapakuliwa. Nikasimama chini ya kitambaa changu kutoa neno la kukaribisha. Nikawasimulia ng'ombe waliokufa, nikawasimulia njia ya Buger, nikawasimulia uji. Mama mmoja wa kwao, Bi Zuhura, akajifuta jicho kwa ncha ya ushungi. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema karibuni, akakaa. Mimi nikainua mkono wa kulia juu.

"Mbuzi huyu," nikasema, "nimemfuga mwenyewe, na leo asubuhi nimemchinja mwenyewe, kwa mkono huu mnaouona."

Nikasubiri makofi.

Mikono yote ikasimama juu ya sahani. Bwana Suleimani alikuwa na tonge karibu na mdomo. Akalirudisha polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mzee wetu, samahani," akasema kwa adabu kabisa. "Jina lako kamili nani?"

"Petro Gwandu."

"Petro."

"Wa parokia ya hapa hapa," nikaongeza. (Sijui kwa nini niliongeza.)

Ndipo ikanijia. Wala haikuja mbio. Ilipanda kama lori la kahawa kwenye barabara ya Oldeani, gia ya kwanza, moshi mweusi, mpaka ikafika juu na mimi nikaiona yote. Mkono wangu bado ulikuwa hewani. Niliushusha nikaufanya kama nakuna sikio.

"Hakuna neno, mzee wetu," Bi Zuhura akasema. "Sisi tutakula wali tu."

Mama Paulina alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. "Wali una supu yake, dada yangu."

"Basi makande."

"Yana mifupa."

"Hiyo kabichi?"

Mke wangu akanitazama mimi badala ya kumtazama mgeni. "Kabichi, mwenye nyumba aliiagizia mafuta."

"Kwani hapa kuna nini ambacho hakina mbuzi?" Mama Deodata akauliza, kwa sauti ambayo kwenye kamati hajawahi kuitumia.

Kulikuwa na ndizi mbivu.

Basi watu wa Unguja, watu waliozaliwa wakakuta biriani mezani, wakakaa chini ya HAPA HAPITI MTU NA NJAA wakimenya ndizi. Dereva wao mmoja akatoa simu akapiga picha. Ndiyo hiyo mliyonayo. Yule mzee wa pembeni mwenye koti, anayeonekana kama amefiwa, ni mimi.

Bwana Suleimani akasifia ndizi. Akasema ni tamu. Akasema kwao hakuna ndizi za namna hii. Kadiri alivyozidi kusifia ndivyo nilivyotamani lile korongo langu la zamani lirudi nidumbukie.

Bajaji ikasimama getini. Akashuka Shabani, amekumbatia sufuria kubwa iliyofunikwa kitambaa, na nyuma yake dereva amebeba kapu la chapati. Nikageuka kumtazama mke wangu.

"Nilimpigia asubuhi, wakati wewe unanoa kisu," akasema. "Bajaji imepata pancha. Nilikuwa natoka jikoni kuwaambia wageni wasubiri kidogo. Nikakuta umeshainua mkono."

Shabani hakuniangalia. Akawasalimia wageni, wakaitikiana salamu ndefu ya kwao, akafunua sufuria. Mchuzi wa kuku. Sahani zangu zikaondolewa, zikaja nyingine, na watu wakala sasa, wakala kwa kuinama. Ndani ya boma langu, juu ya meza yangu, chini ya maneno yangu. Walishiba. Siwezi kusema hawakushiba.

Walipofika katikati ya kula, Shabani akaja kusimama karibu nami. Akainua uso akakisoma kitambaa taratibu kana kwamba hajawahi kuyasikia maneno yake.

"Maneno mazuri," akasema.

"Niache, Shabani."

"Nasema kweli. Mama angeyapenda." Akanigeukia. "Hebu niambie, Gwandu. Siku ile alikulisha wapi?"

Nikajua anakonipeleka. Sikutaka kwenda.

"Ule uji. Uliunywea wapi? Ulikaribishwa sebuleni?"

"Hapana."

"Wapi?"

Nilitazama viatu vyangu. "Mlangoni," nikasema.

"Haya, mzee," akasema, akaenda kugawa chapati.

Hata yeye.

Bwana Suleimani alikuwa karibu, amesikia yote. Alipomaliza kunawa akasimama akashukuru, tena alishukuru vizuri. Akasema maneno ya Mzee Petro yamemwingia kuliko yote aliyoyasikia Karatu, ila yeye ni mfanyabiashara, hawezi kuwaahidi wageni wake shibe mahali ambapo itabidi kwanza aulizie mchinjaji. Basi wao wamechagua Mlango wa Ngorongoro. Mama Deodata akapiga makofi. Mke wangu akapiga makofi. Nami nikapiga, kwa mkono ule ule.

Halafu Mama Deodata akakumbuka. Akasema Mzee Gwandu kiwanja si alishatoa? Nikasema nilishatoa. Akasema mafundi waje lini? Nikasema waje wakati wowote, mimi siendi popote.

Shabani alikuwa wa mwisho kuondoka. Akapanda bajaji na sufuria yake tupu.

"Krismasi uniite," akasema. "Kisu usinoe. Nakuja na changu."

"Na sukari je, unayo dukani?" nikamuuliza.

"Ipo. Ilikuwepo siku zote."

Basi nilivyo navyo leo ni hivi. Gesti moja ya matofali niliyofyatua mwenyewe. Shamba la kahawa Oldeani, si kubwa. Ng'ombe wa maziwa. Pikapu inayowaka ikisukumwa. Mke anayeona mbele kuliko mimi. Rafiki. Bango la rafiki huyo, litakalosimama mbele ya dirisha langu la chumbani mpaka siku nitakayokufa. Na sufuria nzima ya pilau la mbuzi, pamoja na makande, pamoja na kabichi, vyote bado vya moto.

Wakatoliki, Walutheri, Walokole, na nyie ambao hamuelewekagi mnasali wapi, njooni mle. Hapa hapiti mtu na njaa. Kicheko tu nawaomba mkiache mlangoni.