Firigisi Yangu na Mashauri Yenu ya Mtihani

Nyumba za Reli, Laini ya Tatu,
Nakuru.
Oktoba, 1957.

Kwa Bwana Mhariri, Ukurasa wa Wasomaji.

Bwana Mhariri mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima nyingi, wewe na wote wanaokusaidia kupanga herufi. Ukitaka kujua hali yangu, mwili ni mzima, mgongo unauma kwa kubeba maji, na roho imechafuka kabisa. Sababu ya mgongo na sababu ya roho ni moja, nayo ni gazeti lako.

Mimi ni mpiga bendera katika yadi ya treni hapa Nakuru. Nikiinua nyekundu, treni husimama. Nikiinua kijani, huenda. Hiyo ndiyo kazi yangu ya siku zote. Kazi yangu ya Jumapili, ambayo hakuna aliyeniajiri, ni kuwasomea majirani gazeti. Katika watu wazima wa laini yetu, ni mimi peke yangu ninayesoma. Tukitoka kanisani wanakuja na vigoda vyao mbele ya mlango wangu: Kiprugut anayechochea makaa katika injini, Mathenge fundi wa mabehewa, Mama Chelagat na mtoto wake mgongoni, na wengineo. Mimi nakaa kizingitini, nakohoa kidogo, wote wananyamaza. Siwezi kukuficha, Bwana Mhariri, kukohoa huko nakupenda sana.

Basi, Jumapili moja ya mwezi wa nane nilisoma bei ya mahindi, nikasoma habari za mpira, kisha nikaingia katika makala ya huyo mwandishi wenu anayejiita Rafiki wa Wanafunzi, yale mashauri yake kwa vijana wanaojitayarisha kwa mtihani. Niliingia bila kutazama mbele. Hilo lilikuwa kosa langu. Makosa mengine yote katika barua hii ni yenu. Laini nzima ilisikia kwa masikio yake. Na aliyekuwa amekaa karibu nami kabisa ni binti yangu Nanyama, wa Darasa la Nane, ambaye atafanya huo mtihani Novemba, msichana wa kwanza wa laini yetu kufika hapo. Alitabasamu tu, na tangu siku hiyo sijatawala nyumba yangu tena.

Nayapanga malalamiko yangu kwa namba ili msije mkasema hamkuelewa.

1. Maji. Mliandika kwamba mwanafunzi asitumwetumwe, kwa kuwa akili ikikatizwa hairudi upesi. Vizuri sana. Lakini hamkuandika ni nani atakayetumwa badala yake. Mke wangu Nabalayo ana mtoto wa kunyonya. Mama yangu ana magoti mabovu. Tulitazamana, tukaona aliyebaki ni mimi. Sasa kila asubuhi nabeba debe mpaka bombani, na bomba liko mwisho wa laini, hata ni lazima nipite milango yote. Mwanzoni nililifunika debe kwa koti langu la reli ili watu wadhani ni mzigo wa kazi, lakini maji yalimwagika na koti likarudi, sasa mikono yake inaishia kwenye viwiko. Wanawake wa bombani wamenizoea kiasi cha kunieleza mambo ya waume zao. Waume hao nikikutana nao kazini nashindwa kuwatazama usoni.

2. Firigisi. Hapa naomba anayesoma barua hii huko ofisini kwenu atafute kiti kwanza. Mliandika kwamba mwanafunzi apewe mayai na nyama ya kuku, maana vinajenga ubongo. Sisi ni Wabukusu. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Desturi hiyo haikuanza juzi. Babu yangu aliila, baba yangu aliila, na mimi nilijua kweli nimeoa siku Nabalayo aliponiletea firigisi katika sahani yake peke yake. Hata mchungaji akitutembelea anakula paja, firigisi haigusi.

Mwezi wa tisa mama yangu mzazi, ambaye sote tunamwita Kukhu, yaani bibi, alichinja jogoo. Nikanawa mikono. Nikangoja. Kukhu, mama yule yule aliyenifundisha desturi hiyo kwa fimbo, akaichukua firigisi akaiweka mbele ya Nanyama, akasema gazeti limesema. Bwana Mhariri, Kukhu hajui kusoma! Anajua gazeti limesema kwa sababu ni mimi niliyemsomea! Niliitazama firigisi yangu ikitafunwa pamoja na majina ya mito ya Afrika. Mimi nilipewa shingo.

3. Kimya. Mliandika kwamba mwanafunzi asome mahali penye utulivu. Je, mmewahi kuziona nyumba za reli? Chumba ni kimoja, ukuta kati yangu na Mathenge ni mmoja, na nyuma ya nyumba ni njia ya treni. Lakini laini ilikwisha kusikia, na laini yetu ikisikia jambo haina masihara. Mathenge ameifunika gramafoni yake kwa blanketi, halafu akaikalia. Mama Chelagat, mtoto wake alipoanza kuota meno, alihamia kwa dada yake mpaka meno yakatoka. Mimi nikitaka kupiga chafya sharti nitoke nje, tena si mlangoni, bombani. Juzi sikuwahi kufika, nikapiga chafya njiani, na majirani walitoa vichwa madirishani wakanitikisia vidole kama mtoto.

Haikutosha. Jumapili iliyopita walinijia kwa pamoja, Kiprugut akiwa msemaji wao. Wamegundua kwamba shule ya Nanyama iko kando ya njia ya treni, hapo mabehewa yanapogongana, na kwamba mwenye bendera ni mimi. Walitaka niizuie treni siku ya mtihani. Nilisimama wima nikawaambia kwamba treni ni mali ya Serikali, treni ina saa yake, na bendera si kitambaa cha jikoni. Tangu niajiriwe sijapata kusimamisha treni bila sababu inayotambuliwa na sheria za reli, sembuse kwa ajili ya hesabu za mtoto. Sijafanya, na sitafanya kamwe. Naomba mlichapishe jambo hilo pamoja na jina langu, ili wakubwa wangu walione.

4. Kufundisha. Mliandika kwamba mwanafunzi akitaka somo limkae kichwani, amfundishe mtu mwingine. Nanyama amemfundisha Kukhu. Sasa Kukhu anajua kwamba dunia inazunguka, kwa hiyo haoni haja ya kuharakisha kwenda kanisani. Anasema akitulia kwenye kigoda chake, kanisa litazunguka mpaka limfikie. Nabalayo naye amefundishwa hesabu za sehemu. Amekipima kitanda chetu kwa kamba, akapata kwamba mimi nalalia sehemu tatu kwa tano, bila kuhesabu viwiko.

Jioni nikitoka kazini naulizwa swali mlangoni kabla ya kupewa chai. Kukhu aliniuliza ni mto gani unaotoka katika Ziwa Viktoria. Mimi, niliyekunywa maji ya ziwa hilo nilipokuwa Kisumu! Nikasema swali hilo ni la watoto wadogo. Kukhu akacheka, akaniambia, "Wewe kaa tu, mwanangu, pole pole utajua." Chai ilikuja imekwisha kupoa.

5. Hofu. Mliandika kwamba wazazi wasimtie mtoto hofu kwa kuutajataja mtihani mbele yake. Laini ikakubaliana kutoutaja kabisa, ikawa unaitwa Mgeni. Utasikia bombani, Mgeni amekaribia, Mgeni wa mwaka jana aliangusha wengi, Mungu atusaidie na Mgeni. Haya. Mwisho wa mwezi wa tisa shemeji yangu, anayeuza viazi Mai Mahiu, akafika bila kutarajiwa, akabisha hodi, akasema kwa furaha kwamba mgeni amekuja. Nabalayo, dada yake wa tumbo moja, alipiga ukunga. Mathenge akafunga mlango wake kwa ndani. Mama Chelagat akamwuliza shemeji kwa ukali kwa nini amekuja kabla ya wakati wake na mtoto hajamaliza kusoma. Shemeji aliondoka na gunia lake la viazi, na mpaka leo hajatuandikia.

6. Hili la sita si la nyumba, ni la roho, nalo nalisema polepole. Nanyama akifaulu atapelekwa shule ya bweni, mbali. Tangu akiwa mdogo, Jumapili hukaa kando yangu akiishika pembe ya gazeti ili upepo usilifunue. Hiyo ndiyo kazi watu wanayoiona. Lakini nikifika kwenye yale maneno marefu, ambayo wapanga herufi wenu huyabana hata hayapumui, Nanyama huninong'oneza, chini chini sana, nami nayatamka kwa sauti kubwa. Hakuna anayejua. Herufi zake za kwanza nilimfundisha mimi, kwa chaki ya kuwekea alama mabehewa, juu ya mlango wa jikoni. Sasa yeye ndiye ananivusha. Akienda, Jumapili ya kwanza tu nitakohoa, watanyamaza, nami nitalifikia neno refu nikiwa peke yangu. Naogopa, Bwana Mhariri. Sina neno jingine la kuandika hapo.

Kwa sababu hizi zote naomba kwa unyenyekevu mkubwa mfanye yafuatayo. Rafiki wa Wanafunzi aandike kwamba alikosea, na kwamba wataalamu wamechunguza tena wakaona firigisi inadhoofisha ubongo wa kijana, inawafaa wanaume wa makamo tu, hasa wale wa reli. Kisha aandike kwamba mwanafunzi mwema huanguka mtihani mara ya kwanza, ili elimu ipate nafasi ya kutulia kichwani. Kama kuanguka kote ni kugumu kwa mtoto aliyekula mayai mengi hivyo, basi aanguke katika Kiingereza tu, inatosha.

Na ikiwa hayo yatashindikana, naomba mtumie jina lenu kubwa kuishauri Serikali iihamishe hiyo shule ya bweni iletwe Nakuru. Nafasi ipo nyuma ya bomba letu. Kukhu amekwisha kuipima, na eneo lake analijua kwa kichwa. Mkiyachapisha haya nitayasoma mwenyewe Jumapili, bila kuruka hata neno moja.

Nisalimie mwandishi wa mpira, na yule anayeandika bei ya mahindi, hao hawajanikosea. Msalimie hata Rafiki wa Wanafunzi. Mwambie simchukii, ila asipite Nakuru kwa sasa. Kiprugut, Mathenge na Mama Chelagat wanawasalimu, ingawa hawajui nimeandika nini. Nabalayo anawasalimu kutoka sehemu yake mbili kwa tano. Kukhu anawasalimu na anauliza mwezi umeshikwa na nini hata hauanguki.

Ni mimi niliyeonewa, lakini bado msomaji wenu,

Khisa Murunga,
Mpiga Bendera.

Nyongeza: Bwana Mhariri, barua hii imekaa katika mfuko wa koti langu mpaka Novemba imefika, maana kila nilipotaka kwenda posta palikuwa na debe la kujaza. Leo ilikuwa siku ya karatasi ya Hesabu.

Asubuhi treni ya kokoto ilikuja kutoka upande wa Naivasha, Kiprugut akiwa ndani anachochea. Mimi nilikuwa mahali pangu, bendera zote mbili mkononi. Nikatazama madirisha ya shule, nikaona vichwa vyote vimeinama. Nilikusudia kijani. Iliyoinuka ni nyekundu.

Treni ikasimama. Dereva akachungulia, akapaza sauti kuniuliza kuna nini mbele. Nikamwambia, "Kuna mtihani." Kiprugut akavua kofia yake, akakaa juu ya makaa. Dereva akafikiri kidogo, akauliza mtihani wa nani, nikamwambia wa mtoto wangu. Basi akapunguza mvuke mpaka injini ikawa inapumua tu, na tukakaa hivyo, sisi watatu na kokoto za Serikali, mpaka kengele ya shule ilipolia.

Jumatatu nimeitwa kwa Stesheni Masta nikajieleze. Nitakwenda na gazeti lako, ndilo shahidi wangu, kwa hiyo nakusihi usikanushe chochote. Lile shauri la utulivu lichapishe tena, kwa herufi kubwa, zile ninazoweza kuzisoma bila msaada. Na ukiona vema, ziendelee kuwa kubwa hivyo kuanzia Januari.

Jioni hii Kukhu amechinja kuku wake wa mayai. Nanyama aliichukua firigisi, akaiweka kwenye sahani yangu kwa mikono miwili, akasema, "Baba, ile treni niliisikia ikinyamaza." Nikainama kunawa mikono mara ya pili, ili nisionekane uso. Kisha firigisi nikairudisha kwenye sahani yake. Kesho ana karatasi ya Kiingereza.