Pamba Inayopumua

Jumatatu, tarehe 6
Joto. Mwalimu mkuu ameruhusu fulana yoyote ya heshima badala ya shati la sare. Mdahalo ni Ijumaa, nami ndiye msemaji wa mwisho. Muhula uliopita jasho lilinichora mgongoni bara zima, na tangu hapo naitwa Ramani. Mpinzani wangu, Profesa, huniomba nigeuke awaonyeshe wenzake maziwa makuu. Hoja zangu hakuna anayezikumbuka.

Safari hii nimejiandaa. Kitabu cha sayansi maktabani kinasema pamba ni nyepesi na hupitisha hewa. Basi, pamba!

Jumanne, tarehe 7
Nimekwenda sokoni kwa muuza fulana. Nilifanya mazoezi ya sentensi njia nzima. Nilipofika, sentensi ikayeyuka, likabaki neno moja. Nikanong'ona: pamba.

Akapiga makofi ya furaha. Akasema pamba kali anazo, na nikitoka na hii watanikoma! Akachomoa kitu cheusi kinachong'aa, kina simba wa dhahabu kifuani. Niliona haya kumwambia kwamba nilimaanisha ile inayoota shambani. Nikanunua.

Dada ameuliza nimeanza lini kuimba harusini. Nimeijaribu hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Fulana haipumui. Karibu nami niache.

Jumatano, tarehe 8
Nimerudi sokoni kumbadilisha simba, safari hii na njia ya kisayansi: weka kitambaa mdomoni, puliza, pumzi ikipita upande wa pili ni chenyewe. Nilikuwa kwenye fulana ya nne hivi muuzaji aliponiuliza, kwa sauti ya kuita abiria, kama nanunua au naziombea. Mama mmoja akasema bora niombee na bei zake. Watu wakacheka. Nikaondoka haraka, simba wangu kwapani.

Alhamisi, tarehe 9
Nimepuliza nguo zote za nyumbani. Mashati ya baba: hapana. Foronya: kidogo. Pazia la sebuleni: vumbi.

Kisha nikafika jikoni, kwenye ndoo. Tambara la kupigia deki! Pumzi ilipita kama mlango uko wazi. Zamani lilikuwa fulana ya baba, nalo limelainishwa na sakafu miaka na miaka. Nimelifua hadi likanukia sabuni. Ndooni nimeweka simba.

Jioni mama alilalamika kwamba tambara la siku hizi halinywi maji, linayasukuma tu. Nilimwunga mkono.

Ijumaa, tarehe 10
Ukumbi ulikuwa tanuri. Profesa alizungumza akijifuta shingo. Mimi nilisimama mkavu! Mgongo wangu ulikuwa jangwa. Kwa mara ya kwanza watu walinisikiliza, hata wa safu ya nyuma, ambao husikiliza kengele tu. Nilifika kwenye hoja ya mwisho, ile niliyoiandika upya mara nyingi, nikainua mkono juu kuisisitiza.

Fulana ikapasuka kutoka kwapa hadi kiunoni.

Profesa akaomba kuuliza swali. Alitaka kujua kama ule ni mto au mpaka wa nchi.

Upande wetu umeshinda. Mwalimu alisema hoja zilikuwa na nguvu, akanipa koti lake, zito, la sufu. Hakuna aniitaye Ramani tena. Naitwa Dirisha. Kwa upande wa hewa, si jina la uongo.

Jumamosi, tarehe 11
Mama amelitambua tambara lake kwenye kamba. Ameuliza kama nguo zimeniishia hadi nagombania na sakafu. Limerudi ndooni, sasa vipande viwili, jambo ambalo anasema ni nafuu. Simba nimerudishiwa. Ananuka deki.

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa lilikuwa neno. Pamba ina maana nyingi mno mtaani. Kitabu, ukurasa unaofuata, kinataja kitani: nyuzi za mmea, nyepesi kupita pamba, huvaliwa penye joto kali. Neno moja, maana moja.

Nimelijaribu kwa dada. Nimemwambia polepole kwamba nataka kitani. Amesema kitandani nani kanizuia, niende nikalale.

Dada hasomi vitabu. Muuzaji ni mtu wa nguo, ataelewa. Jumatatu nitakwenda mapema, kabla watu hawajajaa, nimnong'oneze.