Kipande cha Mwisho, Kupitia Ndera

Jumapili, 3 Agosti 2025

Shajara, niwie radhi. Nimekaa kimya mwaka mzima. Sikuwa mgonjwa, wala kalamu haikuisha wino. Niliona haya.

Ilikuwa siku ya mbio za mwaka jana. Fiat yangu nyeupe ilishindwa kupanda kilima cha Nyagasambu. Nikamwomba mke wangu, Pudentienne, ambaye ndiye mshika saa wangu, ashuke ili gari lipate wepesi. Akashuka. Gari likapanda. Nilipofika juu sikusimama, kwa hofu kwamba injini ingezimika. Pudentienne alirudi nyumbani Kimironko kwa pikipiki ya kukodi, kofia yake mkononi. Alisema neno moja tu, na hakulirudia: nikimwacha tena barabarani, nitamtafuta kwa ndugu zake Gahanga.

Niliapa kuacha mbio. Alhamisi iliyopita nimejiandikisha.

Nijieleze. Klabu yetu ya magari ya kale imefuata mfano wa Waitalia na mbio zao za maili elfu, kutoka Brescia hadi Roma na kurudi. Waitalia hao walikuwa na busara. Mbali na tuzo kuu, waliweka tuzo ya pekee kwa kipande cha mwisho, kutoka Cremona kupitia Mantova hadi Brescia, kwa heshima ya dereva mzaliwa wa Mantova. Mara ya mwisho ilichukuliwa na Mbelgiji aliyemaliza wa tatu. Wa tatu! Namheshimu sana mtu huyo. Mbio zenyewe zilikomeshwa baada ya ajali mbaya, na ndiyo maana sisi hatushindani kwa kasi. Kila gari hupangiwa saa yake ya kufika. Anayekaribia saa hiyo zaidi ndiye mshindi.

Tuzo kuu ni ya Kamau kila mwaka. Ni Mkenya wa ofisi ya bima, ana Mercedes isiyojua kuchoka. Sina ugomvi na tuzo kuu. Nataka kikombe cha kipande cha mwisho, Kabuga hadi Kimironko kupitia Ndera. Kikombe kidogo cha shaba. Hata hicho Kamau anacho, na amekiweka mezani ofisini, anatia kalamu humo.

Anatia kalamu!

Jumanne, 5 Agosti

Mkutano wa kamati. Mwenyekiti wetu, Bi Mukasine, alisoma kanuni zote bila kuruka hata moja. Sikuzisikiliza zote. Kamau aliniuliza mbele ya watu kama mwaka huu mama atafika mwisho au atashukia Nyagasambu kama abiria aliyeishiwa nauli. Wakacheka. Hata Bi Mukasine alikohoa kwa namna ya kucheka. Nilimjibu Kamau kwamba dhihaka si hoja. Akasema ni kweli, Mwalimu, lakini kikombe ni hoja, nacho kiko kwangu.

Nilitoka nimekasirika, nikapitia sokoni. Hapo ndipo wazo liliponijia. Mwanamke mmoja alikuwa akipima tepe za kupambia magari ya harusi. Adui wa kipande cha mwisho ni Jumamosi yenyewe: misafara ya harusi huijaza barabara ya Ndera, na anayekwama nyuma yake hawezi kufika kwa saa yake. Lakini msafara wenyewe humpisha nani? Gari la bibi harusi. Pikipiki huliachia njia, mabasi huliachia njia, na hata wazee husogea pembeni wakitabasamu.

Fiat yangu ni nyeupe. Nilinunua tepe nyeupe na za dhahabu.

Pudentienne aliziona, akauliza ni za nani. Nilipaswa kusema kweli. Nilisema ni kwa heshima yake. Akakaa kitini. Akanikumbusha kwamba kule Karagwe, tukiwa wakimbizi, siku ya ndoa yetu tulikwenda kanisani kwa miguu, yeye viatu mkononi ili visipate matope, na kwamba hajawahi kupanda gari lililopambwa. Kisha akaenda kwa fundi cherehani kurekebisha gauni lake la buluu.

Sikulala vizuri. Hata hivyo, wazo ni zuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Jaribio. Ushindi mtupu! Barabara ilifunguka mbele yetu. Mwendesha pikipiki mmoja alipiga honi na kupaza sauti, “Mzee, iko harusi? Hongera sana!” Nilimwinulia kofia. Tulifika Kimironko bila kukwama popote.

Pudentienne alikuwa akiwapungia watu mkono. Nilimwelekeza kwamba mshika saa hapungi mkono, kwa sababu mmoja ni wa saa na mwingine ni wa karatasi ya kanuni. Akaushusha. Baadaye nilitamani apunge tena, lakini sikujua namna ya kuanza.

Jumamosi, 9 Agosti

Mbio zimekwisha. Naandika kwa taabu.

Asubuhi yote ilikwenda vizuri. Hata Nyagasambu tulipanda sote wawili, ingawa kwa mwendo wa ng'ombe anayerudi malishoni. Tulipofika Ndera nilikuwa nakwenda sawa na saa yangu kabisa.

Hapo mwanamke mnene aliyevaa mushanana, vazi letu la sherehe, la rangi ya waridi aliingia katikati ya barabara na kuinua mikono yote miwili. Nilisimama. Akasema tumechelewa, lakini Mungu mkubwa, tumefika! Jina lake Kabagwira, shangazi wa bibi harusi. Gari walilokodi lilikuwa limeharibika, mwenye gari amewaahidi jingine jeupe lenye tepe za dhahabu, na ndio sisi. Nilianza kumweleza habari za klabu. Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua, akafungua mlango wa nyuma, akamwingiza bibi harusi na shela lake lote.

Ningefanya nini? Mzee hamshushi bibi harusi garini mbele ya wajomba zake. Msafara ukapiga honi. Nikageuza gari kuelekea kanisani, yaani nilikotoka.

Bibi harusi alikuwa analia. Pudentienne aliihamishia saa mkono mwingine, akanyoosha mkono nyuma na kumshika. Tulipopishana na Mercedes, Kamau alitoa kichwa dirishani akaniita bwana harusi, akaniombea watoto mapacha.

Kanisa halikuwa mbali, nikaona bado kuna nafasi. Kama ningeondoka papo hapo na kukaza mwendo, ningefika kwa saa yangu. Kabagwira akaja kusema nisiondoke, maana misa ikiisha ni mimi nitakayewapeleka ukumbini. Pudentienne alikuwa amekwisha kushuka. Alikuwa ameshika pindo la shela, akipanda ngazi nyuma ya yule binti, polepole, na gauni lake la buluu limenyooka. Nilimwita. Akaniashiria kwa mkono nisubiri.

Sikusubiri. Nilijiambia ningerudi mara moja. Nilijiambia pia kwamba kanisani si barabarani.

Nilifika Kimironko kwa saa yangu. Kwa saa yangu! Hakuna gari lililokaribia kama langu. Bi Mukasine alikuja dirishani, akatazama kiti cha kushoto, akatazama cha kulia, akaniuliza mshika saa wangu yuko wapi. Kanuni mpya, alisema, aliisoma Jumanne: watu wanaoanza pamoja humaliza pamoja, la sivyo gari linaondolewa. Nikauliza kanuni hiyo ilitungwa kwa sababu gani. Akasema, kwa sababu yako, Mwalimu.

Kikombe kimerudi kwa kalamu za Kamau.

Nilirudi Ndera. Kanisa limefungwa, maua yamelala ngazini. Mlinzi alisema bibi harusi amepelekwa ukumbini katika gari la mizigo la mjomba wake, na mama mmoja wa gauni la buluu amepanda nyuma, amemshikia shela lisichafuke. Baadaye dada wa mke wangu, Cécile, alipiga simu kutoka Gahanga. Alisema mgeni wao amefika salama.

Jumapili, 10 Agosti

Nilipika maharage. Yameungua. Nimeyala.

Nyumba ina milio ambayo sikuwahi kuisikia. Mlango wa jikoni hulia ukifunguliwa; nadhani kila siku yeye ndiye aliyekuwa akiufungua. Gauni la kila siku limetundikwa nyuma ya mlango. Nililikunja. Halikukunjika vizuri, nikalitundika tena.

Nilimpigia Cécile kuomba niongee na mke wangu. Akanikumbusha mila kana kwamba mimi ni mtoto. Mke akirudi kwao, mume haji kwa simu. Huja na watu na pombe, mbele ya kaka yao Kabera, na huulizwa. Nilisema mila hiyo naijua. Akasema basi itakuwa rahisi.

Jumatano, 13 Agosti

Kwa mila, mume hajisemei. Sharti awe na msemaji. Wazee wenzangu wawili wamegundua ghafla kwamba wana safari. Fiat nayo imekataa gia tangu jana. Aliyebaki mwenye gari zima na ulimi mzima ni Kamau.

Nilikwenda ofisini kwake. Kikombe kilikuwepo. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaona uso wangu, akaacha. Akasema hata kwao Nyeri mtu haendi ukweni mikono mitupu, na atakuja. Ila ana sharti moja. Yeye ataongea. Kazi yangu ni kukiri nikiulizwa, na kunyamaza baada ya hapo. Akauliza, “Mwalimu, utaweza kweli?”

Nilimwambia nimefundisha watu kunyamaza maisha yangu yote.

Ijumaa, 15 Agosti

Gahanga. Tulibeba makreti ya bia na dumu la pombe ya ndizi. Kabera alitupokea uani, amevaa koti. Majirani wawili wazee walikuwa wameketi. Cécile alisimama mlangoni, na nyuma yake niliona gauni la buluu.

Lazima nikiri kwamba Kamau alisema vizuri. Alisema amekuja na ndugu yake aliyepoteza kitu cha thamani njiani, naye anasikia kimeokotwa na watu wema. Alisema ndugu yake si mtu mbaya, ni mtu wa saa. Wazee wakacheka. Kabera naye alilegea kidogo. Nilidhani tumekwisha kushinda.

Kisha Kabera akanigeukia mimi. Aliuliza jambo moja tu: nimekosa nini?

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitunga njiani, fupi na safi: nimemwacha mke wangu. Ningelisema na kunyamaza. Lakini nilipofungua kinywa niliona kwamba jibu hilo halielezi hali ilivyokuwa. Nikaeleza kwamba kanuni ilikuwa mpya. Nikaeleza kuhusu Cremona. Nikaeleza kwamba, kwa hesabu zangu, ningerudi kanisani kabla ya mahubiri kwisha. Kamau alinikanyaga mguu. Nikaendelea.

Pudentienne alitoka mlangoni. Hakukasirika, na hilo lilinitisha. Aliniuliza yule bibi harusi anaitwa nani.

Sikujua.

Akasema anaitwa Shallon. Mama yake alifariki mwezi wa Februari. Njia nzima hakutaka kuuachia mkono wa mtu asiyemjua. Akaniuliza kama nilisikia alipokuwa analia. Nilisema nilisikia. Akaniita kwa jina la mtoto wetu, akasema, “Baba Mutesi, mimi nimepanda gari la harusi mara moja katika maisha yangu. Nilishuka kumsaidia mtoto wa watu, na dereva akaondoka.”

Akaingia ndani.

Kabera alipokea pombe. Alinionya kwamba kupokea pombe si kujibu. Wataketi kama familia, watamsikiliza dada yao, wataamua kama anarudi au anabaki, na mimi nisije kabla ya kuitwa.

Garini Kamau hakunitania hata kidogo. Tulipofika kwangu aliniuliza kama kuna chakula. Nilisema yapo maharage. Alisema ataleta chapati kesho.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimewaza siku hizi kuliko nilivyowaza miaka mingi. Nimemwona Pudentienne kwenye ngazi zile kila ninapofumba macho. Pindo mkononi, haharakishi. Kwa nini sikutazama zaidi? Jana kanisani machozi yalinitoka wakati wa matangazo, na mwanamke aliyekuwa karibu nami akanipa leso, akidhani nimeguswa na mchango wa mabati ya paa.

Nimekosa. Neno hilo naliandika hapa kwa sababu uani kwa Kabera halikutoka. Nimekosa, na bila yeye sijui hata sukari inawekwa wapi.

Leo mchana Bi Mukasine ametangaza jambo. Mwakani kutakuwa na tuzo mpya ya pekee katika kipande cha mwisho: Tuzo ya Wenzi, kwa mume na mke watakaoanza pamoja na kumaliza pamoja. Kikombe cha fedha. Kikubwa kuliko kile cha shaba. Kalamu zingezama humo. Mke wa Kamau yuko Nyeri na hapendi magari. Kamau hawezi kuigusa!

Majina yanapokelewa hadi mwisho wa mwezi.

Nimemtumia Kabera ujumbe wa heshima, nikimwomba familia isiharakishwe katika uamuzi wake, ila ifikirie kuutoa kabla ya tarehe hiyo. Nimemweleza pia kwamba fundi amenirudishia Fiat, lakini gia ya kwanza bado ni dhaifu na mlima wa kwao ni mkali. Kwa hiyo, wakimruhusu dada yao, nimeomba ashuke na mzigo wake hadi njia panda, anisubiri kando ya barabara. Sitazima injini, lakini safari hii nitasimama.

Kabera amesoma ujumbe. Bado hajajibu.

Watakapoamua, nitaandika.