Kikao cha Wananchi, Msimu wa Kulungu

Ijumaa, 3 Novemba

Wazo limenijia nikiwa naoga! Idara yetu inataka kufunga njia ya kushukia ziwani, ila sheria ya uwazi inadai kwanza tuwaite wananchi watoe maoni. Faili lisilo na pingamizi hata moja litanipandisha cheo hadi ofisi ya jijini Milwaukee. Basi kikao nimekipanga Jumatatu ya msimu wa kuwinda kulungu. Jimbo zima la Wisconsin litakuwa msituni na bunduki! Denise Kowalke, afisa wetu wa uwazi, alitaka tangazo libandikwe baa, pale watu wanapokula samaki wa Ijumaa. Nikamjibu mlango wa ofisi unatosha. Akauliza, wa mbele au wa stoo? Mwanamke huyu ana ulimi!

Jumatatu, 20 Novemba

Kaka yangu Orrin alipiga simu alfajiri, twende tukawinde. Nikasema nina kazi. Hakuuliza kazi gani, nami sikumwambia. Kikaoni: viti arobaini, mwananchi mmoja. Bibi Ilse, aliyepita kuota moto. Nilipomwomba maoni alisema kahawa yetu chungu. Nimeandika: wananchi walishiriki, hakuna aliyepinga. Ushindi! Kowalke aliniangalia weee, kisha akaenda kukunja viti.

Jumamosi, 16 Desemba

Ole wangu. Ziwa limeganda. Orrin alikokota kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu, kile alichojenga na marehemu baba, akakuta njia ya ziwani ina lango na kufuli. Njia nyingine hana. Alikuja kwangu, wala hakupiga kelele. Laiti angepiga!

"Lyle, mdogo wangu," alisema, "kule ndiko ninakoongea na baba. Ungeniambia tu. Ningekuja kikaoni hata na damu ya kulungu mikononi."

Nikamwambia tangazo lilikuwepo mlangoni kwa mujibu wa sheria. Kwa nini nilisema vile? Mdomo uliponza kichwa. Aliondoka bila kufunga mlango, na baridi ikaingia hadi jikoni.

Ijumaa, 22 Desemba

Milwaukee wamempa cheo mtu mwingine. Eti faili lisilo na pingamizi hata moja linatia shaka! Jioni nikaenda baa. Orrin alikaa meza ya mbali, kanipa mgongo. Samaki wangu akapoa sahanini. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu kazaliwa kabla ya miezi kutimia. Kowalke alininong'oneza nikamwombe radhi kaka yangu, kisha niitishe kikao kipya, na tangazo lifike kila mahali. Nikasimama. Nikafika katikati ya ukumbi, nikageukia kaunta kuongeza viazi.

Jumanne, 26 Desemba

Nimelia. Nimetubu. Lango la Orrin litafunguliwa! Kikao kipya, halali kabisa. Ila tukitangaza ovyo watajaa wenye majumba ya ziwani, wale wapenda utulivu, wapinge kila kitu. Haiwezekani! Nimekipanga tarehe mbili Januari, saa moja asubuhi, giza bado, watu hoi kwa mwaka mpya. Tangazo nimelibandika mwenyewe, nyuma ya kabati la funguo. Msemaji atakuwa mmoja tu, Orrin, na faili litapita laini kama siagi. Bado sijamwambia, maana maneno yana miguu. Lakini atakuja tu. Si kaka yangu?