Gofu Lenye Mama Ndani

Jumatatu, 4 Machi
Mkutano wa mtaa. Kura: kodi ya majengo ipande ili tuchimbiwe mtaro wa maji ya mvua, au isipande? Kamati ya mtaro inaongozwa na jirani yetu fundi cherehani, mtu anayejiona kweli. Akasema bila kodi hakuna mtaro. Makofi! Nikasimama nikasema kodi ni wizi wenye risiti. Nikanyoosha mkono wa hapana, nikageuka kumtazama Mama. Mama yangu mzazi! Kaunyoosha wa ndiyo, akiutegemeza kwa mkono wa pili. Wameshinda. Nyumbani nikamuuliza kwa nini kaniaibisha. Akajibu kwamba kila masika anaamka ndara zinaelea, na amechoka. Hajui siasa.

Jumatano, 6 Machi
Wazo! Gofu lisilokaliwa na mtu halitozwi kodi. Nimeng'oa milango na madirisha yote, nikarundika matofali sebuleni. Mgongo hoi. Mama akauliza atalala wapi. Nikamwambia palepale, ila mchana asikohoe.

Alhamisi, 7 Machi
Karani wa kodi kaja. Mama nilimficha nyuma ya pipa jikoni. Akakohoa. Nikasema paka. Karani akasema paka huyo apelekwe kwa daktari, akaandika: gofu, hapakaliwi. Ushindi! Ila atapita tena mwezi huu bila taarifa, kwa hiyo milango haitarudi kwa sasa. Fundi akaja kunionya kwamba baridi itamuumiza Mama. Wivu tu.

Jumatatu, 18 Machi
Wachimbaji wamefika. Mtaro mzuri, sikatai, saruji tupu. Lakini mbona unakuja kwetu? Nikamkimbilia mhandisi. Akanifunulia ramani: maji ya mtaa mzima yatamwagwa penye gofu, kwa kuwa hapana mtu. Akauliza mimi ni nani. Nikasema napita tu.

Jioni fundi akanisihi nikaseme ukweli ofisini, ramani bado inaweza kugeuzwa. Akajitolea kunisindikiza. Nikamwambia ashughulike na vifungo vyake. Mama alisikia yote. Akajifunika tu.

Jumatano, 27 Machi
Mvua kubwa. Mtaa mzima mkavu! Maji yao yote yako kwetu, yameingia bila hodi. Yalimkuta Mama kitandani, yakamlowesha hadi kifuani. Fundi kambeba mgongoni mpaka hospitali. Mimi nilibaki kuokoa redio. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 29 Machi
Nimonia. Mama amefariki saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono. Aliuliza kama mtaro umekwisha. Nikasema umekwisha, na unafanya kazi. Akasema vizuri. Fundi alilia kuliko mimi, na sikuwa na nguvu za kumchukia.

Jumanne, 2 Aprili
Ofisi ya kodi. Nimekwenda kutoa taarifa ya kifo na kukiri habari ya gofu. Nilidhamiria kabisa! Kabla sijafungua mdomo, karani akapekua daftari, akashangaa. Nyumba iko kwa jina la Mama. Akasema alijua paka yule ni mtu, na mzee aliyepita miaka sabini hatozwi kodi ya nyumba anayoishi, ni sheria ya miaka mingi, sasa nilikuwa nasumbukia nini? Nikakaa kwenye benchi lao mpaka miguu ikafa ganzi. Nimemuua Mama bure.

Karani akaniletea maji, mtu mwema. Akanituliza kwamba mambo ni rahisi: atalifuta gofu, na msamaha utaendelea maisha yote ya Mama. Siku Mungu akimchukua, jina litahamia kwangu, hapo ndipo nitaanza kulipa. Kisha akauliza Mama anaendeleaje.

Nikasema hajambo, anasalimia sana.

Karani atapita Alhamisi kumwona Mama kwa macho yake. Nimeshanyoa ndevu. Gauni lake la bluu linanibana mabegani. Kesho nitampelekea fundi alipanue.